Tone linalobaki njiani

Haya ni maneno ya mazungumzo ya wiki yaliyosomwa redioni.

Wiki chache zilizopita nilikwenda Tongoni, kijiji kilicho kusini ya mji wa Tanga, ukishika barabara ya Pangani. Wengi wetu tunakijua kwa magofu yake: msikiti wa kale, na makaburi yenye nguzo ambayo wageni huja kuyapiga picha. Mimi sikwenda kwa ajili ya magofu. Nilikwenda kwenye hitima. Na baada ya dua, watu tukiwa barazani, kahawa ikizunguka, nikakaa karibu na bibi mmoja ambaye mjukuu wake alikuwa akikimbiza kuku uani, mtoto mwenye nguvu, mtundu, asiyetulia.

Yule bibi akanionyesha kwa kidole, akaniambia: “Mwanangu, huyu unayemwona alizaliwa njiti. Alikuwa kama panya. Nilimfunika kwa kiganja.”

Akanisimulia. Mtoto alizaliwa kabla ya miezi yake, akapelekwa hospitali moja, nami sitaitaja kwa sababu kisa chenyewe kingeweza kutokea katika hospitali yoyote. Hakuwa na nguvu ya kunyonya. Akapitishiwa mpira mwembamba puani mpaka tumboni. Mama yake akaambiwa akamue maziwa, yale maziwa ya kwanza, ya manjano, mazito, ambayo wataalamu wanasema ni kinga ya mtoto. Binti wa watu akakamua, akakamua, jasho na machozi. Yakapatikana nusu kijiko cha chai.

Nesi akayapitisha mpirani. Alipomaliza, bibi akatazama. Macho ya wazee, ndugu msikilizaji, hayaoni uzi kwenye tundu la sindano, lakini yanaona jambo. Akaona maziwa bado yamo ndani ya mpira, mstari wa manjano tangu juu mpaka puani. Akauliza: “Mwanangu, na haya yaliyobaki humu ni ya nani?”

Nesi akamjibu kwa upole: “Bibi, hayo ni ya mpira.”

Hayo ni ya mpira! Mpira nao una fungu lake. Mtoto wa kilo moja na ushee, mama hana cha kukamua zaidi, na mpira umekula kabla ya mwenye njaa.

Ndugu msikilizaji, tangu siku ile swali la bibi limenikaa kichwani. Leo nataka tulizungumze. Msiseme kwamba hili ni jambo la madaktari. Ni jambo la hesabu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la saba.

Tuchukue mpira wenye tundu la milimita 1 na urefu wa sentimita 50. Tulifundishwa shuleni kutafuta ujazo wa mcheduara: pai, nusu kipenyo mara nusu kipenyo, mara urefu. Fanya hesabu hiyo, utapata karibu mililita 0.4. Ni kidogo mno, utasema. Matone manane hivi. Kweli ni kidogo, kwa mimi na wewe. Lakini njiti wa siku ya kwanza anaweza kupangiwa mililita 2 tu kwa mlo mmoja. Mililita 0.4 katika 2 ni sehemu moja ya tano. Ukipika wali wa watu watano, mmoja akaja mgeni asiyealikwa akala sahani nzima, huwezi kusema amekula kidogo.

Sasa tuseme mpira unaofaa umekwisha kwenye kabati. Uliopo ni ule wenye tundu la milimita 2. Mtu ataona: milimita moja zaidi, ni kitu gani? Hesabu inasema tundu likiongezeka mara mbili, ujazo unaongezeka mara nne. Mpira ule utabeba karibu mililita 1.6. Katika mlo wa mililita 2, mtoto atapata 0.4, na mpira utapata 1.6. Mgeni amekula sahani nne, mwenyeji ameachiwa ukoko.

Kuna wasomaji na wasikilizaji watakaosema: lakini mpira ukishajaa mara ya kwanza, mlo wa pili si utausukuma ule wa kwanza? Ni kweli. Lakini maana yake ni kwamba kila mlo mtoto anaanza kwa maziwa yaliyolala mpirani saa mbili au tatu, katika joto letu hili la Tanga. Sote tunajua maziwa yaliyolala kwenye joto yanakuwaje. Na dawa ikipita mpira huo huo, inakuta mabaki, inachanganyika nayo, na ya kwako uliyoipima kwa makini inasubiri zamu yake.

Nafasi hiyo ndani ya kifaa, inayojaa kitu kisichomfikia mgonjwa, tuiite nafasi mfu. Ni nafasi mfu kweli, kwa sababu kilichomo humo hakimsaidii aliye hai.

Nafasi mfu haimo katika mipira ya kulishia peke yake. Imo katika bomba la sindano. Imo katika kanula anayochomwa mtoto mkononi. Imo katika waya mrefu wa dripu. Kila mahali ambapo maji au dawa inapita, kuna kona inayodai ushuru.

Tuanze na bomba la sindano. Bomba la kawaida, lile ambalo sindano yake inachomekwa na kuchomolewa, ukilisukuma mpaka mwisho bado linabakiza kitu kwenye shingo na ndani ya sindano. Kiasi chake kinaweza kufika karibu mililita 0.08. Kwa mtu mzima anayechomwa mililita 5, hiyo si hoja. Lakini chanjo ya kifua kikuu, ile anayochomwa mtoto mchanga begani na kumwachia kovu ambalo wengi wetu tunalo, dozi yake kwa mtoto mchanga ni mililita 0.05. Tazama vizuri: dozi ni 0.05, na kinachobaki bombani ni 0.08. Ukitumia bomba lile la kawaida, unatupa kingi kuliko unachompa mtoto. Kichupa cha watoto 20, kwa hesabu tupu, kingetosha watoto 7. Wale 13 waliobebwa migongoni tangu alfajiri wangeambiwa warudi wiki ijayo.

Ndiyo maana kwa chanjo ile kuna bomba lake maalumu, dogo, ambalo sindano yake haichomolewi, imeunganishwa na bomba, na likishatumika mara moja linajifunga, halivutiki tena. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu walitoa tamko la pamoja kwamba ifikapo mwisho wa 2003 chanjo zote zichomwe kwa mabomba ya aina hiyo yanayojifunga. Lengo kubwa lilikuwa kuzuia sindano moja kuchoma watu wawili na kuwaambukiza maradhi. Lakini pamoja na faida hiyo ikapatikana na hii ya pili: tone halipotei ovyo.

Na msidhani kwamba jambo hili linawagusa maskini peke yao. Mwaka 2021, dunia ilipokuwa inagombania chanjo ya UVIKO, matajiri nao walijikuta wanahesabu matone kama bibi wa Tongoni. Chanjo ya Pfizer ilikuja kwenye kichupa ambacho, baada ya kuchanganywa, kilikuwa na mililita 2.25. Dozi moja ilikuwa 0.3. Kichupa kilianza kuhesabiwa kuwa cha watu watano. Kumbe ukitumia bomba lenye nafasi mfu ndogo, wanapatikana watu sita. Lakini ukitumia bomba la kawaida, 0.3 na 0.08 ni 0.38, mara sita ni 2.28. Kinapungua kidogo tu! Mtu wa sita anakosa chanjo kwa sababu ya matone ambayo hayajai ukucha. Januari 2021 wakubwa wa dawa wa Ulaya wakaruhusu kichupa kihesabiwe watu sita, na nchi tajiri zikaanza kuhangaika kutafuta mabomba yale madogo. Bomba likawa lulu kama chanjo yenyewe.

Ndugu msikilizaji, mpaka hapa tumezungumza kupotea. Kupotea ni hasara. Lakini kuna kubaya kuliko kupotea, nako ni kuzidi.

Kuna dawa inayoitwa jentamisini. Hutumika sana kwa watoto wachanga wenye maambukizo, na imeokoa wengi. Lakini ikizidi, inaweza kuumiza figo, na inaweza kumwondolea mtoto usikivu wa masikio. Chupa yake ya kawaida ina miligramu 40 katika kila mililita. Mtoto wa kilo 2, katika wiki yake ya kwanza, akiandikiwa miligramu 6, basi anahitaji mililita 0.15. Sasa chukua bomba la mililita 5, ambalo ndilo lililojaa kabatini. Mstari wake wa kwanza ni 0.2. Dozi ya mtoto haifiki hata mstari wa kwanza! Nesi atapima kwa nini? Kwa macho na kwa Mungu.

Tuseme bomba la mililita 1 lipo, lenye mistari myembamba. Nesi anavuta 0.15 sawasawa. Kisha, ili dawa isiingie kwa nguvu, anavuta maji katika bomba lile lile aichanganye. Kumbuka ile 0.08 iliyokuwa imejificha shingoni na ndani ya sindano. Haikuhesabiwa, kwa sababu kwa kawaida ingebaki. Lakini maji yakivutwa, yanaisukuma iingie ndani ya bomba. Dawa iliyokuwa ya kutupwa imegeuka ya kupewa. Mtoto anapata dozi yake, na juu yake theluthi moja au zaidi. Hakuna aliyekosea kusoma mstari. Hakuna aliyelala kazini. Kifaa kimefanya hesabu yake kimya kimya. Ndiyo sababu dawa za namna hii huchanganywa kwanza katika chombo kingine, kisha ndipo dozi ipimwe.

Na dripu je? Wengi wetu tumetundikiwa dripu, tunaujua ule waya wake mrefu. Tuuchukulie una sentimita 150 na tundu la milimita 3. Rudi kwenye hesabu ya darasa la saba: unabeba zaidi ya mililita 10. Mtoto mchanga anaweza kuwa anapewa mililita 3 kwa saa. Basi ukichoma dawa kule juu, karibu na chupa, itasafiri zaidi ya saa tatu kabla haijamfikia mtoto. Daftari litaandikwa: dawa imetolewa saa mbili usiku. Mtoto ataipata saa tano na nusu. Daktari akija saa nne atasema, mbona hakuna nafuu, tubadilishe dawa. Dawa yenyewe bado iko njiani, imekaa kwenye waya kama abiria wa daladala lililoharibika Pongwe.

Mafundi wa vifaa hivi wamelijua tatizo hili siku nyingi, na dawa yake wanayo. Wametengeneza waya mwembamba na mfupi kwa ajili ya wachanga. Wameweka mlango wa kuchomea dawa karibu na mshipa, badala ya kule juu. Wametengeneza bomba ambalo kisukumio chake kina ncha inayoingia mpaka shingoni, kikafukuza kilichojificha. Wametengeneza bureti, kile kikombe kirefu cha plastiki kinachokaa katikati ya chupa na waya, chenye matone madogo 60 kwa mililita badala ya 20. Kwa matone 60, mililita 3 kwa saa ni matone 3 kwa dakika, nesi anaweza kuyahesabu. Kwa matone 20, ni tone moja kwa dakika. Nani atakaa mbele ya dripu usiku kucha akihesabu tone moja kwa dakika, naye ana watoto kumi na watano?

Lakini tusije tukadhani kwamba kila kitu kikifanywa chembamba, mambo yamekwisha. Hapa ndipo penye kazi ya ufundi. Katika miaka ya 1840 Mfaransa mmoja aitwaye Poiseuille alionyesha kwamba tundu la mrija likipungua nusu, maji yanayopita hayapungui nusu, yanapungua mara 16. Kwa hiyo mrija mwembamba unaomfaa njiti hauwezi kumfaa mama anayetokwa damu baada ya kujifungua. Yule anahitaji kanula nene, ya kijivu, maji na damu viingie haraka. Njiti anahitaji ile ya manjano, nyembamba kama uzi. Rangi hizi si mapambo. Ukimpa mama ya mtoto, mama atakwisha huku dripu inadondoka. Ukimtafutia mtoto ya mama, mshipa utapasuka.

Watu wa Tongoni wanalijua hili kuliko sisi wa mjini. Mwaka 1498 meli za Vasco da Gama zilipita maji yale, na moja yao, São Rafael, ikakwama kwenye fungu karibu na Mtangata, ambayo ndiyo Tongoni ya zamani. Mwaka uliofuata, walipokuwa wanarudi, waliichoma moto meli hiyo hiyo katika pwani hii, kwa kuwa mabaharia walionusurika hawakutosha kuziendesha zote. Mvuvi wa Tongoni na ngalawa yake hakwami pale. Anajua maji, anajua mlango, na chombo chake kimechongwa kwa ajili ya maji yale. Chombo kizuri ni kile kinacholingana na njia yake. Meli kubwa si kosa, lakini imepelekwa pasipo pake.

Sasa, kuna mtu atauliza: kama dawa imebaki kwenye waya, si tuisukume kwa maji mengi ili iingie yote? Ndiyo inavyofanywa, na kwa kiasi ni sawa. Lakini tuhesabu tena. Njiti wa kilo 1, siku ya kwanza, huandikiwa kama mililita 60 za maji kwa siku nzima. Ukimsukumia mililita 2 za kusafisha mrija mara sita kwa siku, umempa mililita 12 ambazo hakuna aliyeziandika. Ni sehemu moja ya tano ya maji yake ya siku. Na damu yote ya mtoto huyo, mwili mzima, ni kama mililita 80 au 90. Haijazi vikombe viwili vidogo vya kahawa ya barazani. Kwa mwili wa namna hiyo, mililita 12 ni mafuriko.

Na kwamba maji yanaweza kuua, hilo halikugunduliwa mbali. Liligunduliwa hapa kwetu. Kati ya mwaka 2009 na 2011 ulifanyika utafiti mkubwa katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ukiongozwa na Profesa Kathryn Maitland kutoka Kilifi. Kwa upande wa Tanzania ulifanyika Hospitali Teule ya Muheza, mkoa huu huu wa Tanga, kwenye machungwa. Watoto zaidi ya 3,000 waliokuja na homa kali na damu isiyozunguka vizuri waligawanywa. Wengine walipewa maji mengi kwa haraka mshipani, kama vitabu vya Ulaya na Marekani vilivyokuwa vinafundisha. Wengine walipewa maji ya kawaida, polepole. Wote walikuwa wanategemea kwamba maji mengi yataokoa wengi.

Januari 2011 utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake. Katika waliopewa maji mengi, walikufa karibu 10.5 katika kila mia ndani ya saa 48. Katika waliopewa kidogo kidogo, walikufa 7.3. Kile kilichoaminika kuwa wema kilikuwa kinaua. Matokeo yalichapishwa mwaka huo huo, na dunia nzima ya madaktari ikashtuka. Nasema haraka, mtu asije akanielewa vibaya: utafiti ule haukuhusu mtoto anayeharisha na kukauka maji. Huyo anahitaji maji yake, na apewe. Lakini somo limebaki: maji ni dawa, na dawa ina kipimo. Watoto wa Muheza, na wa Kilifi, na wa Mbale, waliufundisha ulimwengu hivyo. Ni haki yao kwamba sisi wenyewe tuwe wa kwanza kulishika somo.

Ndugu msikilizaji, huenda utaniuliza, haya yote yananihusu nini mimi niliyepo Ngamiani, sina njiti, sina dripu?

Yanakuhusu. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 43 hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Na katika hao 43, 24 hufa kabla ya kumaliza mwezi wao wa kwanza. Zaidi ya nusu! Tumepiga hatua katika surua, tumepiga hatua katika malaria, tushukuru. Lakini wale wadogo kabisa, wa kilo moja, kilo moja na nusu, wamebaki nyuma. Na wao ndio ambao kwao tone ni jambo.

Tatizo liko wapi? Tusiwaelekezee vidole manesi. Nesi aliyemjibu bibi “hayo ni ya mpira” alisema kweli, na alisema kwa upole. Anafanya kazi kwa kile alichopewa. Ukimpa seremala shoka akuchongee kitufe cha shati, usimlaumu kwa kitufe. Tatizo linaanzia kwenye karatasi ya kuagiza vifaa. Kituo kinaandika: mabomba ya sindano, maboksi kadhaa. Kanula, maboksi kadhaa. Mipira, kadhaa. Mwenye kuandika anaangalia bei, na ile ya ukubwa wa kati ndiyo inayotumika na wengi, ndiyo inayoonekana ya maana. Ya manjano itakuja mwezi ujao. Bomba la mililita 1 litakuja mwezi ujao. Mwezi ujao njiti hangoji.

Mtu wa fedha atasema: hizo ndogo ni ghali, na zinatumika kwa wachache. Nami namwomba naye afanye hesabu ya bibi. Ukinunua bomba la bei rahisi linalotupa dawa ya bei ghali, umeokoa nini? Ukitumia kanula isiyolingana, ikatoka baada ya saa mbili, ukachoma nyingine, na nyingine, ile moja ya manjano haikuwa rahisi zaidi? Rahisi huvunja upishi, walisema wazee wetu, na walikuwa wanajua jikoni na maishani.

Tena tusidhani kwamba lazima kila kitu kitoke ng'ambo. Mwaka 2021 UNICEF ilionya kwamba dunia ingeweza kupungukiwa mabomba ya kujifunga kwa zaidi ya bilioni 2, na Afrika ingekuwa ya mwisho kwenye foleni, kama kawaida yetu. Lakini hapo jirani, kaunti ya Kilifi, Kenya, pwani hii hii moja, kuna kiwanda cha Revital kinachotengeneza mabomba ya sindano, yale ya kujifunga yakiwamo. Kama pwani ya Kilifi inaweza, pwani ya Tanga imekosa nini? Vijana wa vyuo vya ufundi wanaotafuta jambo la kubuni wasihangaike kubuni lililokwisha kubuniwa. Waende wodi ya watoto wachanga, wasimame kimya kwa siku moja, watazame kitu gani kinapotea. Huko kuna kazi ya miaka kumi. Kanula ya plastiki tunayoitumia leo ina asili ya kazi ya kijana mmoja, daktari mwanafunzi wa usingizi, David Massa, huko Rochester, Marekani, mwaka 1950. Kabla yake mgonjwa alikaa na sindano ya chuma mshipani, akijigeuza inamchoma. Massa alitazama, akaona, akatengeneza.

Kwa hiyo leo nina maombi matatu. Kwa wanaoagiza vifaa: kila orodha ianze na mdogo kuliko wote. Ukimtosheleza njiti, mkubwa hatakosa. Kwa wanaofundisha manesi na waganga: nafasi mfu ifundishwe kwa namba, mwanafunzi apime mwenyewe kwa maji na bomba, aone kinachobaki. Na kwa sisi wazazi na mabibi: tuulize. Kuuliza si ujeuri. Yule bibi hakugomba, hakutishia kwenda kwa mkuu wa wilaya. Aliuliza swali moja.

Mnajua swali lile lilifanya nini? Bibi aliniambia. Nesi yule alisimama kidogo, akautazama mpira. Akauinua juu, akausubiri. Maziwa yakashuka polepole, mstari wa manjano ukapungua, ukapungua, mpaka ukaisha. Haikuchukua hata dakika mbili. Kesho yake akaja na mpira mwingine, mwembamba zaidi, alioutafuta mwenyewe wodi nyingine. Akamwambia: “Bibi, leo mpira hautakula sana.”

Niliondoka Tongoni jua linatua. Yule mtoto alikuwa amemkamata kuku, anamlazimisha anywe maji kwa kifuniko cha chupa. Bibi yake akamkemea: “Mwache, utamjaza tumbo! Mpe kidogo kidogo.”

Ndugu msikilizaji, kesho ukipita karibu na wodi ya watoto wachanga, popote ulipo, Bombo au Muhimbili au zahanati ya kijijini, ukamwona mama ameshika kikombe chenye matone machache ya maziwa kama ameshika dhahabu, jua kwamba ameshika dhahabu kweli. Na kama wewe ni mwenye kalamu ya kuagiza, au mwenye fedha ya kununua, au mwenye akili ya kubuni, jiulize kabla hujalala: haya yaliyobaki njiani ni ya nani?